Utafiti wa Afya Likizoni: Na Sisi wa Ualimu Tumo

Kila mwaka mitihani ya mwisho wa mwaka ikikaribia, simu zetu huanza kujaa viungo. Huyu katuma kwenye grupu la darasa, yule kwenye grupu la hosteli, mwingine kwenye grupu la kwaya: nafasi za utafiti wa tiba kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, wiki kumi, posho, malazi na nauli juu yao. Unafungua kwa hamu, unasoma, unashuka taratibu mpaka kwenye masharti. Hapo ndipo moto unapozimika. Lazima uwe raia wa Marekani au mkazi wa kudumu. Au uwe unasoma chuo cha Ulaya. Au, kama tangazo ni la hapa hapa nyumbani, uwe mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au sayansi ya maabara. Sisi wa ualimu tunafunga simu na kurudi kwenye madesa yetu.

Sina ugomvi na Wamarekani wala Wazungu wa Ulaya. Pesa ni zao, maabara ni zao, na kila mtu huanza kulisha watoto wa nyumbani kwake. Ugomvi wangu ni wa hapa kwetu. Tanzania ina vituo vya utafiti wa afya vinavyojulikana duniani. Vyuo vina likizo ndefu kila mwaka. Na kuna vijana wengi sana wanaosomea kufundisha Baiolojia na Kemia, mimi nikiwa mmoja wao. Vitu hivi vitatu ni nadra kukutanishwa kwa mpango unaoeleweka.

Hoja yangu ni hii: vituo vya utafiti wa afya vifungue mlango kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wakati wa likizo ndefu, na mlango huo usiwe wa madaktari watarajiwa peke yao. Walimu watarajiwa wa sayansi nao waingie. Wala siombi hisani. Naamini utafiti wenyewe unatuhitaji, na nitaeleza kwa nini.

Kiangazi cha nani?

Tuanze na hizo programu za nje, maana kuna kitu cha kujifunza ndani yake. Marekani, Mfuko wa Taifa wa Sayansi unaoitwa kwa kifupi NSF umekuwa ukigharamia utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza tangu mwaka 1987. Utaratibu wake ni rahisi kuelewa. Chuo au taasisi inapokea kikundi kidogo cha wanafunzi, kila mmoja anapewa msimamizi na swali lake la utafiti, anafanya kazi wiki kadhaa za kiangazi, analipwa posho, na mwisho anasimama mbele ya wenzake kueleza alichokipata.

Kiangazi chao ni Juni mpaka Agosti. Sisi Juni na Julai ndiyo tuko kwenye UE, macho mekundu, tunaomba Mungu tusipate sapu. Kwa hiyo hata kama wangetufungulia mlango, kalenda tu ingetukwamisha. Lakini mambo manne yaliyomo kwenye mpango wao hayahitaji kiangazi cha Marekani: swali halisi, msimamizi anayejali, muda uliotengwa na pesa ya kula. Likizo yetu ndefu inaweza kuyabeba yote manne.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotusambazia viungo huwa hawalitaji. Mfuko huo huo wa NSF una mpango mwingine kwa ajili ya walimu. Mwalimu wa shule anatoka darasani wakati wa likizo, anakaa wiki kadhaa kwenye maabara ya chuo kikuu akifanya utafiti pamoja na wanasayansi, analipwa, kisha anarudi shuleni na masomo aliyoyaandaa kutokana na kazi ile. Hakuna anayetaka kumgeuza mwalimu yule kuwa profesa. Wanataka awe ameona kwa macho yake kile anachokifundisha.

Sasa tujiulize: kama nchi yenye maabara karibu kila kona inaona mwalimu anahitaji kuingia maabara ya utafiti, sisi ambao wengi tumesoma sekondari kwa kuchorewa hadubini ubaoni tunahitaji mara ngapi?

Vijana walioko ndani ya vitabu

Wapo watakaosema mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana la kuchangia kwenye utafiti wa tiba, ni mzigo tu kwa watu wenye kazi zao. Hebu tuangalie historia.

Wote tuliosoma Baiolojia sekondari tumekariri visiwa vya Langerhans vilivyoko kwenye kongosho. Tulikariri jina, tukajibu mtihani, tukaendelea na maisha. Hakuna aliyetuambia kwamba Paul Langerhans alivieleza visiwa hivyo mwaka 1869, kwenye tasnifu yake ya chuo kule Berlin, akiwa na miaka 21. Hata hakujua vinafanya kazi gani. Aliona chembe zilizojikusanya tofauti na nyingine, akaandika alichokiona. Basi.

Miaka hamsini na kitu baadaye, Toronto, Kanada, daktari kijana aitwaye Frederick Banting alikuwa na wazo kuhusu kongosho hilo hilo na ugonjwa wa kisukari. Profesa Macleod akampa chumba cha maabara, mbwa wa majaribio na msaidizi. Msaidizi huyo, Charles Best, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza shahada yake ya kwanza. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walirusha sarafu kuamua nani aanze kazi hiyo, na Best akapata. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1921, na Best alikuwa na miaka 22, umri wangu wa leo. Januari 1922 dawa waliyoihangaikia, insulini, ilichomwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina ile alikuwa akisubiri kufa tu.

Mwaka 1923 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Banting na Macleod. Best hakutajwa, na Banting akagawana naye sehemu yake ya fedha. Kwa hiyo hata suala la vijana kufanya kazi halafu majina yao yakasahaulika halikuanza leo.

Sisemi kila atakayekaa maabara likizo moja atagundua insulini. Wengi watahesabu mbu na kuosha vyombo vya kioo, na hilo ni sawa. Ninachosema ni kwamba mtu wa miaka 21 au 22 ana macho kama mtu mwingine yeyote. Akiwekwa mahali pa kuona, anaweza kuona.

Na tusiende mbali. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipogundua, akitengeneza aiskrimu, kwamba mchanganyiko wa moto uliganda kabla ya uliopozwa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hiyo ni Fizikia, najua, siyo tiba. Lakini angalia tofauti ya wale watu wawili. Mmoja alijua kitabu kinasema nini. Mwingine alikuwa mtu wa utafiti, akajua kwamba swali la mtoto hujibiwa kwa kujaribu. Ni mwalimu yupi kati ya hao wawili ninayeandaliwa kuwa?

Vituo viko karibu na tunakofundishia

Mkeka wa TP unapotoka, angalia majina ya sehemu. Kuna watakaokwenda Muheza, Korogwe, Tukuyu, Ifakara, Bagamoyo, Mwanza, Tabora. Wengi wetu tunaangalia jambo moja tu: kuna umeme, na mtandao unashika? Lakini majina hayo hayo ndiyo ramani ya utafiti wa afya Tanzania.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979. Makao makuu yako Dar es Salaam, lakini vituo vyake viko Amani, Tanga, Mwanza, Tabora, Tukuyu, Mbeya na Muhimbili. Ifakara, utafiti ulianza kwenye maabara ndogo ya Waswisi mwaka 1957, na leo Taasisi ya Afya Ifakara inaongozwa na Watanzania na ina tawi kubwa Bagamoyo. Majaribio makubwa ya chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, yalihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa Oktoba 2023, nayo ilijaribiwa Bagamoyo.

Sasa fikiria mwenzetu aliyepangiwa TP Korogwe. Asubuhi anasimama mbele ya kidato cha pili, anachora ubaoni mbu jike wa Anofelesi na mishale ya vimelea kutoka kwa mbu kwenda kwa binadamu. Watoto wanakopi mchoro. Hakuna anayewaambia kwamba katika wilaya yao wenyewe, pengine miongoni mwa kaka na dada zao, walikuwepo watoto walioshiriki kuithibitisha chanjo ya kwanza ya malaria duniani. Mwalimu hawaambii kwa sababu na yeye hajui. Kituo kiko mji huo huo anakofundisha, na hakuna barua wala mpango wa kumfikisha pale.

Mfano mwingine. Vitabu vyetu vinamwandika "mbu wa Anofelesi" kama vile ni mmoja. Ukifika Ifakara watakuonyesha wako wa aina nyingi, na kwamba kwenye bonde la Kilombero anayeongoza kuambukiza malaria ni yule anayeitwa funestus, ingawa kwa idadi wapo mbu wengine wanaomzidi. Mwanafunzi aliyekaa wiki nne akitenganisha mbu chini ya hadubini hawezi tena kufundisha somo lile kama alivyofundishwa yeye.

Wakati wa Rais Kikwete wazazi wetu walichangishwa ili kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu vya maabara. Matofali tunayo. Kinachopungua sehemu nyingi ni mtu anayeingia chumba kile bila woga, anayejua kwamba hata jaribio lisilotoa jibu la kitabu linafundisha kitu. Mtu huyo hatengenezwi kwa madesa.

Utafiti unahitaji nini kutoka kwetu

Nimesema siombi hisani. Hapa ndipo nieleze.

Utafiti wa afya ni watu. Mtafiti anabisha hodi kwenye nyumba, anaomba kuongea na mama mwenye mtoto mchanga, anaomba kumtoboa mtoto kidole. Pwani yetu hii na bara pia, hofu ya mumiani, yaani watu wanaosemekana kunyonya damu za wenzao, ni ya tangu enzi za babu zetu. Haijafa. Ukichukua vijiko viwili vya damu ya mtoto bila maelezo ya kueleweka, kesho yake kijiji kizima kinajua umechukua chupa nzima na umeiuza.

Kwa hiyo sheria za utafiti zinataka ridhaa: mtu aelezwe utafiti ni wa nini, una faida gani na hatari gani, na kwamba anaweza kukataa au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Ila kumweleza bibi wa miaka 70 kwa nini kundi moja la watoto litapata chanjo hii na kundi lingine litapata chanjo nyingine, na kwamba hakuna anayejua nani yuko wapi mpaka mwisho, hiyo ni kazi ya ufundishaji. Kuanza na anachokijua mtu, kutafuta mfano wa nyumbani kwake, kumuuliza arudie kwa maneno yake uone kama ameelewa: haya ndiyo tunayosomea miaka mitatu. Mwenzetu wa udaktari anajua chanjo kuliko mimi, sibishi. Lakini hajasomea kuieleza kama mimi.

Watafiti wenyewe wanaujua uzito wa jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa vyandarua vyenye dawa kwenye wilaya za Kilombero na Ulanga ulitumia jina la Kiswahili ambalo mtu yeyote anaelewa: Zuia Mbu. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa vyandarua vile viliongeza uhai wa watoto wadogo. Dawa ilifanya kazi yake, lakini kwanza ilibidi mtu akubali kukitundika chandarua.

Majirani zetu wa Kenya wamekwenda hatua zaidi. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989 kina uhusiano wa kudumu na shule za sekondari za eneo lake: wanafunzi wanatembelea maabara, watafiti wanakwenda shuleni, na vijana waliofaulu vizuri kidato cha nne hupata nafasi ya kukaa kituoni miezi michache kabla ya kwenda chuo. Kama kijana aliyetoka sekondari anaweza kupewa nafasi, wa chuo mwaka wa pili ana shida gani?

Mwenye shangazi Dar

Tuje kwenye pesa, maana bila pesa haya yote ni hadithi.

Nafasi chache zilizopo hapa nchini nyingi zinatolewa kwa mtindo wa kujitolea. Unapewa barua, unapewa msimamizi, mengine jitegemee. Wiki nne mjini bila posho zinamfaa nani? Zinamfaa mwenye shangazi Dar, mwenye chumba cha kulala na sahani ya wali jioni. Mwenzake aliyetoka Kasulu, mwenye GPA kubwa kuliko yeye, anarudi nyumbani kusaidia shamba. Miaka mitano baadaye tunaambiwa yule wa kwanza "anapenda utafiti" na wa pili "hakuonyesha nia". Nia aliionyesha, alikosa pa kulala.

Tupige hesabu ndogo. Chukua posho ya shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 28. Ni shilingi 280,000 kwa mtu mmoja. Wanafunzi kumi ni shilingi 2,800,000. Ongeza nauli za kwenda na kurudi. Sisemi ni pesa ndogo, lakini siyo pesa ya kushindwa chuo kizima chenye serikali ya wanafunzi inayokata ada kwa kila mmoja wetu. Viongozi wetu watuonyeshe mezani tumetumia kiasi gani mwaka huu kwa fulana, jukwaa na spika. Halafu tuamue wenyewe.

Bodi ya Mikopo nayo tayari ina mafungu ya mafunzo kwa vitendo na utafiti kwenye orodha ya vitu inavyokopesha. Kinachotakiwa ni chuo kutambua utafiti wa likizo kama sehemu halali ya masomo ya mwalimu wa sayansi, kwa barua na kwa alama. Kisichokuwa kwenye mtaala hakiwezi kuombewa fungu.

Wanaopinga wana hoja

Nimezungumza na wenzangu kabla ya kuandika, na wapo waliopinga kwa hoja nzuri. Nizijibu.

Kwanza, wanasema TP haitoshi tayari, na shule zina uhaba wa walimu wa sayansi. Kwa nini tumwondoe mwanafunzi darasani? Nakubali, na ndiyo maana siombi TP ipunguzwe hata siku moja. TP ni wiki nane. Likizo yetu ni ndefu zaidi ya hapo. Naongelea wiki nne zinazobaki, ambazo wengi wetu tunazimalizia kwenye simu.

Pili, wanasema hata wa udaktari hawapati nafasi za kutosha. Ni kweli, na sitaki kumnyang'anya mtu kitanda. Lakini kazi ninazozisema haziko wodini. Ni kuhesabu na kutenganisha mbu, kukusanya viluwiluwi kwenye madimbwi, kuingiza takwimu, kwenda kaya kwa kaya na kishikwambi kama vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, na kuandaa maelezo ya ridhaa yanayoeleweka. Anayesomea upasuaji si lazima azitamani zote.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito, usalama na siri za wagonjwa. Mwanafunzi wa ualimu hajafundishwa maadili ya tiba. Hapa nakubaliana nao moja kwa moja. Asiguse damu, asifungue faili lenye jina la mtu, asipige picha na kuweka kwenye stetasi. Kabla ya siku ya kwanza apate mafunzo ya maadili ya utafiti na asaini kiapo cha kutunza siri. Akikiuka, arudishwe nyumbani na chuo kijulishwe.

Nne, wanaogopa tutatumika kama vibarua wa bure. Hofu hii ninayo na mimi. Dawa yake ni mkataba wa ukurasa mmoja: swali moja la mwanafunzi, msimamizi mmoja mwenye jina, ripoti moja mwishoni, na kwa sisi walimu, andalio moja la somo litakalokwenda shuleni. Kituo kisichoweza kukubali vitu vinne hivyo hakitafuti mwanafunzi, kinatafuta mfanyakazi, na mfanyakazi analipwa mshahara.

Tufanye nini sasa

Kwa uongozi wa chama chetu cha wanafunzi ninaomba mambo matatu, na ninaomba yaingie kwenye ajenda ya kikao kijacho. Uandike barua kwa ofisi ya TP na kitivo, wakae na kituo kimoja tu kwa kuanzia, nafasi tano au kumi. Utenge posho ya hao wa kwanza. Na matangazo yabandikwe ubaoni hadharani, na vigezo vyake, ili nafasi zisiishe kwa simu kabla wengine hatujasikia.

Kwako msomaji, usisubiri kikao. Mkeka ukitoka, angalia kama ulikopangiwa kuna kituo cha utafiti. Tafuta mtandaoni makala moja iliyoandikwa na watafiti wa pale. Jarida la Malaria Journal, kwa mfano, linasomwa bure na limejaa kazi za Watanzania. Isome hata kama utaelewa nusu. Halafu andika barua fupi. Usiandike "naomba nafasi yoyote". Andika: mimi ni mwalimu mwanafunzi katika shule fulani hapa wilayani kwenu, nimesoma kazi yenu kuhusu jambo fulani, naomba kuja kujifunza wiki nne baada ya TP, na nitakachojifunza nitakigeuza somo la kidato cha pili. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo. Wakikukatalia wiki nne, omba siku moja ulete darasa lako. Wakikukatalia na hiyo, waombe mtafiti mmoja aje shuleni kwa dakika arobaini.

Wengi watakataliwa, nisikudanganye. Lakini kituo kinachopokea barua moja kinaiweka kwenye droo, na kinachopokea barua thelathini kutoka chuo kimoja kinaitisha mkutano.

Mwanafunzi wa udaktari akikaa maabara likizo moja, atatibu vizuri zaidi wagonjwa watakaofika kwake. Mwalimu mmoja wa Baiolojia, kwa madarasa yetu yalivyojaa, anapitiwa na mamia ya watoto kila mwaka. Kati yao kuna watakaoulizwa ridhaa siku moja, watakaoamua kumpeleka mtoto chanjo au kutompeleka, na pengine mmoja atakayeuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu. Siku hiyo atajibiwa na mmoja wetu.